Haraka Hataki Kula

Kru, kru, kru. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na sauti ile ilitoka chumbani kwa mama mkwe, ambamo tangu tumzike hakuna anayelala. Nikawasha tochi ya simu. Kumbe ni Haraka, kobe wake, anajisugua mgongo kwenye pedeli ya cherehani.

"Twende zetu, mzee," nikamwambia, nikambeba hadi jikoni.

Hakuwa ameonja kitu tangu msiba. Nilishamwekea mchicha, tango, hata papai lililoiva vizuri. Nikimpapasa gamba anavuta kichwa ndani, fyuu, kama mtu anayemfungia mlango mgeni asiyemtaka.

Mume wangu, aliye mbali kwenye kazi za barabara, alicheka nilipompigia.

"Gamba ni kama kucha, mke wangu. Unabembeleza jiwe."

"Hata kucha ukiigusa, kidole kinajua."

"Basi mpe jirani mwenye bustani, kabla hajakufia mikononi."

"Nikimpa, nani atabaki humu ndani aliyemjua mama?"

"Si mimi nipo?"

"Wewe uko kwenye simu."

Nikaagana naye, nikarudi kwa Haraka.

Binti yangu, ambaye mwakani anaanza shule, alikuwa amechuchumaa pembeni akinitazama nikimpapasa Haraka tena.

"Mama, hivyo hapendi. Bibi alikuwa anamkuna na kidole cha chuma."

Kidole cha chuma. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, na subana yake, kile kikofia cha chuma kinachokinga kidole kisichomwe na sindano, alikuwa haivui hata jioni akinisubiri nitoke masomoni. "Kaa kwanza unywe chai, profesa," alikuwa akinitania. "Elimu haina miguu, utaikuta kesho." Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya meza muda wote, kru, kru. Sikuwahi hata siku moja kuinama nione anafanya nini kule.

Nikaifuata subana kwenye droo ya cherehani. Ilinibana kidogo. Nikaketi sakafuni, nikaanza kumkuna Haraka nyuma, pale gamba linapokaribia mkia. Kisha akajiinua kwa miguu yote minne, akaanza kuyumbisha kiuno polepole, kama mtu aliyesikia muziki kwa jirani. Shingo ikatoka yote. Akageuka, akaninyanyulia macho, akakaa hivyo muda mrefu, kama anayetafuta uso mwingine.

Nilitaka kuacha. Nikaendelea kukuna.

Mwishowe akashusha kichwa, akauma jani la mchicha. Akauma tena.

Nikainama ili mtoto asinione machozi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amelala kifudifudi kando ya kobe, sikio karibu na gamba, anasikiliza.

"Kidole chako kinalia kama cha Bibi," akasema.