Nambari ya OB

Kamene aliuweka mguu wa kulia juu ya pedali ya cherehani, akasukuma mara moja, kisha akaing'ata leso yake ili asipige kelele. Gurudumu lilizunguka nusu, likagoma. Akajaribu mguu wa kushoto, na huo ukawa mbaya zaidi. Ulikuwa mwezi wa Mei, miezi minne tangu apigwe, na bado nyayo zake hazikutaka kusikia habari ya chuma.

"Wacha, dada," Kanini alimwambia kutoka mlangoni, alipokuwa akigeuza maandazi. "Si nilikwambia mimi nitakanyaga, wewe ushike kitambaa tu?"

"Wewe hukanyagi. Wewe unaua nyoka."

Kanini, mdogo wake, alicheka, akafuta mikono, akaja kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya kiti cha dadake. Akapitisha miguu yake chini ya meza ya cherehani. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakishona katika chumba cha mabati cha Kanini huko Kawangware, alikohamia Kamene baada ya kupigwa: miguu ya huyu, mikono ya yule. Kazi ya siku moja iliwachukua siku tatu.

Kabla ya hapo Kamene alikuwa fundi huko Lindi, Kibera, kwa miaka kumi na sita, na wazazi wa mtaa mzima walimjua kwa jambo moja: kuandika majina ya watoto kwenye sweta za shule. Hakuwa na mashine ya kudarizi. Alikinyanyua kile kichuma kinachobana kitambaa, akaishika sweta kwa vidole vyote kumi na kuizungusha chini ya sindano huku miguu ikilinda mwendo. Herufi zilitoka zimenyooka, kwa uzi wa buluu, na hakuna mtoto wa Lindi aliyepotelewa na sweta ikakosa kurudi nyumbani.

Desemba ilipofika, Nicanor Opondo, katibu wa tawi la chama cha Kinu, alimletea kazi ya mifuko mia tano ya kitambaa cheupe, ya kugawia watu unga wakati wa kampeni. Wapinzani wao wa chama cha Ngazi walikuwa na mifuko yao pia, na mwananchi mwenye akili alikula unga wa pande zote mbili. Siku ya mwisho uzi mweupe ukaisha, na maduka yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya Krismasi. Kamene akashona mifuko kumi na miwili ya mwisho kwa uzi wake wa sweta. Nicanor aliigeuzageuza, akasema hiyo haiwezi kupelekwa mbele za watu, wataona chama hakina adabu. Akaichukua iwe ya kamati, ya kuwekea karatasi za ofisi.

Uchaguzi ukafanyika. Kura ziliibwa au hazikuibwa, ilitegemea unamwuliza nani na umesimama mtaa gani. Barabara ziliwaka moto. Katika mkutano wa mtaa Kamene alisimama akauliza swali moja tu: "Hawa wakubwa wanatuambia twende barabarani. Watoto wao wako barabara gani?" Watu walipiga makofi mpaka mabati yakaitikia. Nicanor hakupiga.

Siku nne baadaye, Ijumaa tarehe kumi na nane Januari, askari walimtoa kwenye cherehani saa nne asubuhi. Kituoni aliambiwa avue viatu. Wakamwingiza seli namba tatu, wakamvika mfuko kichwani, wakamlaza kifudifudi na kuifunga miguu yake kwenye kiti. Walitaka majina ya vijana waliong'oa reli. Kamene hakuyajua. Walimpiga nyayo kwa bomba la mpira, kwa zamu, na kila walipochoka walizungumza habari za kandanda ya Uingereza, nani atashinda Jumapili.

Adhuhuri walimketisha apumzike. Jua liliingia kwa dirisha dogo, likakipenya kile kitambaa, na mbele ya jicho lake, karibu kuzigusa kope, Kamene akauona mshono. Ulikuwa wa buluu. Kwenye kona ulikuwa umerudiwa mara tatu, kama alivyozoea kuurudia yeye ili unga usimwagike. Askari mmoja alikuwa akisoma majina kwa sauti kutoka kwenye karatasi, na karatasi zile hazikuhitaji kuulizwa zilikuja zikiwa zimebebwa ndani ya nini. Jina lake lilikuwa la saba.

Jioni ile walimtupa Silanga, karibu na bwawa, mfuko ungali kichwani. Aliyemvua ni Amondi, muuza sukuma, ambaye alidhani ameokota maiti. Kamene aliuomba ule mfuko kabla ya kuomba maji.

Halafu wakubwa wakapatana. Februari ilipoisha walikunywa chai mbele ya kamera, Kinu na Ngazi wakawa serikali moja, na mheshimiwa wa Kinu akapata gari lenye bendera. Hata Nicanor alipata ofisi yenye zulia. Aliyekosa ni yule aliyekuwa bado anatembea kwa visigino.

Serikali iliunda tume ya kusikiliza walioumizwa. Karani wa tume, msichana mpole mwenye miwani, aliketi katika ukumbi wa kanisa akiandika. Alimsikiliza Kamene mpaka mwisho, kisha akauliza, "Uko na nambari ya OB?"

OB ni kile kitabu kikubwa cha kaunta ya polisi ambamo kila tukio huandikwa na kupewa nambari yake.

"Walionipiga ndio wanaweka hicho kitabu," Kamene alisema.

"Najua, mama. Lakini bila nambari, kwetu hii kitu haikufanyika." Akashusha sauti. "Tunafunga tarehe ishirini na saba Juni. Jaribu."

Kamene alijaribu. Mara ya kwanza kalamu ya kituo haikuwa na wino. Mara ya pili mwenye kitabu alikuwa amekwenda kula. Mara ya tano alimkuta mwenye kitabu mwenyewe, Sajini Nzomo, ambaye alimsalimia kwa Kikamba, akamwuliza habari za Machakos, mvua na mahindi. Kamene alijibu yote. Adabu haikumfanyia kosa lolote.

"Sasa, tuseme ulipigwa," Nzomo alisema, akirudi kwa Kiswahili, kalamu hewani. "Ulipigwa na nani?"

"Na nyinyi."

"Nyinyi akina nani?"

"Askari wa hapa. Seli namba tatu."

Nzomo aliiweka kalamu chini taratibu. "Mama, wewe ni mtu wa nyumbani, wacha nikusaidie. Niandike 'watu wasiojulikana'. Dakika mbili uko na nambari yako, unaenda zako kwa tume."

"Lakini wanajulikana."

"Na nani?"

"Na wewe. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Si ni wewe uliniambia nivue viatu?"

Askari wawili waliokuwa wakipiga gumzo kwenye benchi waligeuka kumtazama. Nzomo alikifunga kitabu kwa viganja viwili. "OB imejaa," alisema. "Tunangoja ingine kutoka juu."

Kamene alirudi Kawangware akitembea kwa visigino, ana hasira ya kutosha kupikia githeri.

Wiki ya pili ya Juni Nicanor alimjia mpaka mlangoni, suti mpya, viatu vyake vikiogopa tope. Aliketi kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja. Kanini alimpa chai ya rangi bila kumtazama.

"Mama Ian, umetupotea sana," alisema. Ian ni mwana wa Kamene, aliyekuwa akisoma kwao Machakos. "Nimekuletea kazi. Mifuko mia tatu. Tarehe ishirini na nne kuna sherehe ya amani hapa Kawangware, mheshimiwa atagawa unga pamoja na mkuu wa polisi. Alama zote mbili upande mmoja. Kinu na ngazi, zimeshikana."

Kamene aliinua godoro upande wa ukutani, akautoa ule mfuko, akautandaza juu ya goti la suti mpya.

Nicanor aliutambua. Kikombe kilisimama kabla ya kufika mdomoni.

"Polisi waliuchukua wapi?" Kamene aliuliza.

"Walivamia ofisi—"

"Nicanor."

Alikunywa chai. Alipozungumza tena ilikuwa sauti ya ofisini. "Kulikuwa na mazungumzo, hata mapema hivyo. Kila upande uliambiwa uonyeshe nia njema. Sisi tukatoa majina machache. Machache tu, Mama Ian. Na hakuna mtu alisema mtapigwa."

"Sikujua vijana wa reli. Wewe ulikuwa unajua sikuwajua."

"Ulikuwa na mdomo," Nicanor alisema, karibu kwa huruma. "Lakini hayo yamepita. Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo huumia. Ndivyo ilivyo."

"Mimi si nyasi. Nyasi hazijui kushona." Kamene aliuchukua mfuko wake. "Leta hicho kitambaa."

Kanini aligeuka kwa ghafla hata mafuta yakamrukia. Nicanor alitabasamu, akamshika Kamene bega, akasema huo ndio uzalendo. Alipotoka Kanini alimgeukia dadake.

"Utamshonea huyo? Huyo?"

"Nitamshonea. Keti kwa ndoo."

Walishona siku kumi. Nje ya kila mfuko Kamene aliweka kinu na ngazi, zimeshikana kama alivyoagizwa, kazi safi isiyo na uzi uliolegea. Kisha aliugeuza mfuko ndani nje, akakinyanyua kile kichuma, akamwambia Kanini, "Polepole sasa, hapa ni jina la mtu." Na Kanini, ambaye hakuwahi kukanyaga polepole tangu azaliwe, alikanyaga polepole. Kwa uzi wa buluu, chini kabisa pale unga unapokaa, Kamene aliandika: KAMENE MUIA ALIPIGWA NA POLISI SELI 3, 18 JANUARI. KINU WALITOA JINA. Alifikisha mifuko mia na kumi ndipo macho yakakataa. Mingine aliiacha kimya.

"Watakuua," Kanini alisema walipoifunga mizigo.

"Wakiniua wataandika. Maiti hupewa nambari."

Sherehe ilikuwa na turubai, vipaza sauti na kwaya. Mheshimiwa na mkuu wa polisi walishika mfuko mmoja pamoja, huyu kona hii na yule kona ile, wakatabasamu mpaka wapiga picha wakatosheka. Watu walipanga foleni, wakapokea, wakapiga makofi yale yanayopigwa na mtu aliyebeba kitu mkononi. "Wakati wa kura ni unga, baada ya kura ni unga," mzee mmoja alinung'unika akitoka. "Siku gani watatupa serikali?" Kamene alisimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta, akisubiri watu waende kupika.

Mfuko wa unga hukung'utwa. Ukiisha, mama huugeuza ndani nje na kuupiga ukutani ili punje ya mwisho itoke, kisha anaufua, maana kitambaa kizuri hakitupwi. Kufikia siku ya pili, kamba za kuanikia nguo Kawangware nzima zilikuwa zinasema. Wanawake waliita wenzao wasiojua kusoma wakawasomea. Wengine walikuja mlangoni kwa Kanini, wakasimama tu. Mmoja alivua kiatu akamwonyesha Kamene unyayo wake, kisha akakivaa tena akaenda.

Asubuhi ya tarehe ishirini na sita askari waliingia mtaani kwa malori mawili. Kituo kilichokosa wino wa kuandika nambari moja kilikuwa na watu arobaini wa kukusanya mifuko. Walimwaga unga kwenye mitaro, wakaanua nguo kambani, wakahesabu. Fundi hawakuhangaika kumtafuta. Alikuwa ameketi mlangoni, ameshaoga, amevaa rinda lake la kanisani.

Kituoni, inspekta kijana asiyekuwa wa zamani pale alirusha mfuko mmoja juu ya kaunta. "Uchochezi," alimwambia Nzomo. "Andika kwa OB. Maneno yote, neno kwa neno. Hiyo ndiyo ushahidi, korti itaitaka."

"Afande, labda tuandike tu 'maneno ya uchochezi'..."

"Neno kwa neno, Sajini."

Nzomo alikitoa kitabu chini ya kaunta. Hakikuwa kimejaa, kilikuwa na kurasa nyingi nyeupe. Kalamu nayo ilikuwa na wino. Aliandika akiwa ameinama sana, na jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kamene alijinyoosha kwa visigino akasoma mwandiko wake kichwa chini miguu juu, kama alivyozoea kusoma sweta za watoto zikiwa chini ya sindano.

"Umeruka 'Seli 3'," alisema.

Inspekta alitazama mfuko, akatazama kitabu. "Kweli umeruka. Ongeza."

Nzomo akaongeza.

"Ni nambari ngapi?" Kamene aliuliza.

Nzomo alikuwa ameshaiandika pembeni, nayo ilionekana. Kamene aligeuka kwenye mlango, ambako Kanini alikuwa amezuiliwa na askari, akapaza sauti ya sokoni: "Kanini! OB kumi na tisa, ya leo, tarehe ishirini na sita! Tume inafunga kesho! Kumi na tisa!"

"Kumi na tisa!" Kanini alijibu, na visigino vyake vikasikika vikikimbia kwenye kokoto.

Inspekta alitazama mlango, asielewe nini kimeondoka pale. Kisha akaashiria korido. "Seli."

"Vua viatu," Nzomo alisema, macho yakiwa kitabuni.

Kamene aliketi sakafuni, maana kuinama alikuwa hawezi, akavua kimoja, akavua cha pili, akasimama kwa kushika kaunta. Saruji ilikuwa baridi vilevile. Mfuko ulikuwa bado mkononi mwa Nzomo, umegeuzwa ndani nje, uzi wa buluu ukiangalia juu.

"Mtanivika huo," Kamene alimwuliza, "ama mko na mwingine?"