Gurubasavva Anaingia Lini

Mhakiki wa gazeti la Bengaluru aliandika: "Filamu nzima ni kimya kinachomsubiri mwanamke mmoja afungue kinywa. Gurubasavva anapokifungua, Kikannada cha kaskazini kinapata mwili."

Nilimsomea baba maneno hayo kibarazani, na tangu siku hiyo akawa anayadai kila asubuhi kabla ya chai.

"Huyo mtu ana masikio," alisema. "Rudia hapo penye kinywa."

Baba yangu, Fakirappa, alizaliwa kipofu. Alipiga kinanda cha mkono, kile cha kuvutwa pumzi, katika kundi la maigizo lililozunguka na hema lake kutoka Gadag mpaka Bijapur, huku kwetu kaskazini tunakosema Kikannada hicho, na mama yangu Gurubasavva ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu. Uso wake baba hakuwahi kuuona. Alichokuwa nacho cha mama ni sauti, na hiyo tuliizika pamoja naye muda mfupi tu baada ya kazi ya kupiga picha za filamu ile aliyoigiza kumalizika. Nyumbani hatukuwa na hata kaseti moja. Mama hakutaka. Alisema sauti ikifungiwa kwenye kisanduku hukonda. Kwa hiyo mahali pekee palipobaki sauti yake ni ndani ya filamu, nayo ilikuwa bado huko Bengaluru ikisifiwa na watu wasiotujua.

Hatimaye ikafika Hubballi. Ijumaa ya onyesho la kwanza baba alioga mapema, akavaa kilemba cheupe na shati lililopigwa wanga. Channavva, jirani yetu, alimwona akitoka.

"Fakirappa, umejipamba hivyo unaenda kuoa?"

"Naenda kuchumbia upya. Safari hii hana mwiko wa kunipigia."

"Gurubasavva? Atautafuta hukohuko ndani ya pazia la sinema."

Akafuatana nasi, tukacheka njia nzima mpaka jumba la sinema. Watu walikuwa wamevunja nazi mlangoni kuibariki filamu, maji yake bado yanateleza sakafuni. Sudhindra, mwongozaji wa filamu, alikuwapo siku hiyo, maana alikuwa akizunguka mji hadi mji kuwasalimu watazamaji. Alimwinamia baba akamgusa miguu, kisha akanitazama.

"Mngeniambia mnakuja, dada," alisema.

Nilidhani anajutia kutotuwekea viti vya mbele.

Taa zikazimwa. Mama akatokea amechutama mbele ya jiko, anapiga mkate wa mtama kwa viganja. Niliuma upindo wa sari yangu nisilie. Nikamshika baba mkono ili ajue. Mama akageuza uso, akafungua kinywa.

Ilitoka sauti nyembamba, tamu, ya mwanamke wa kusini aliyejifunza maneno yetu kama mtu anavyojifunza wimbo wa harusi ya watu wengine.

Baba alisikiliza kidogo, kisha akanisogelea sikioni. "Huyo ndiye anayeigiza mkwe? Mama yako anaingia lini?"

"Bado kidogo, baba."

Mama alilia, aligombana na kaka yake, alimwimbia mtoto. Kila mara midomo ni yake, sauti ya mwingine. Nyuma yetu mwanamke alipenga kamasi akamwambia mwenzake, "Gurubasavva ni yuleyule. Sauti haijazeeka." Baba akauliza tena. Nikajibu tena vilevile.

Wakati wa mapumziko nilimkuta Sudhindra kwenye meza ya chai.

"Sauti ya mama iko wapi?"

Hakujifanya hajaelewa. "Dada, wakati wa kupiga picha kamera inanguruma, jenereta inanguruma, hatuitumii sauti ile. Waigizaji hurudi studio baadaye kusema upya. Yeye hakuwahi kurudi. Ningefanya nini?"

"Fundi wenu alikuwa anarekodi palepale uwanjani. Nilimwona nilipomsindikiza mama."

"Ule mkanda ni wa kutuongoza tu tunapokata picha."

"Nipe huo. Na ngurumo zake zote."

Alizungusha glasi ya chai. "Ulifutwa. Mikanda ni ghali, huwa tunarekodi kazi nyingine juu yake."

"Mmerekodi nini juu yake?"

"Vichekesho."

"Na yule wa gazeti, aliyesifu sauti?"

"Nilitaka kumwandikia. Lakini mhakiki ukimwambia amekosea, anaigeukia filamu. Na mama yako anatajwa kwenye tuzo, dada. Jina lake litadumu."

Kengele ikalia. Niliporudi, baba alikuwa ameninunulia karanga na kunimenyea, ameziweka kwenye kiganja kilichofunguka.

"Sasa ndiyo anaingia," alisema. "Wakubwa huingia baada ya mapumziko."

Nilizila zote. Sikusikia ladha ya hata moja.

Filamu ilipoisha watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakaja kumpa baba mkono, nami nikamsikia Channavva akiapa kwamba alipofumba macho alimwona Gurubasavva yuko jikoni kwake. Baba alibaki amekaa mpaka wote wakatoka.

"Walimkata?"

"Hapana, baba. Yumo mwanzo mpaka mwisho. Uso ni wake, midomo ni yake. Sauti ni ya mtu wa Bengaluru."

"Ile niliyodhani ni ya mkwe?"

"Ile."

Alitikisa kichwa polepole, akatafuta fimbo yake.

Siku zilizofuata magazeti yaliendelea kuja, yote yakisifu. Baba hakuniomba nisome. Asubuhi moja alivuta kinanda magotini, akabonyeza noti aliyokuwa akimpa mama kabla hajatoka nyuma ya pazia.

"Niite," alisema. "Jina langu tu, kama alivyokuwa akiniita yeye. Wewe umetoka tumboni mwake, utaweza."

Nilifungua kinywa. Nikamtafuta mama uani, kisimani, mlangoni na mwiko mkononi. Nilimpata kila mahali, midomo inacheza, anamwita baba, na sauti iliyonitokea kichwani ilikuwa ile nyembamba, tamu.

Nikafumba kinywa.

Baba aliishikilia noti mpaka pumzi ya kinanda ikaisha. Hakukivuta tena.