Magadi ya Eyasi

Muuguzi Blandina alibonyeza mguu wa Piusi kwa kidole, kisha akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama alama ya kwato kwenye tope. Piusi akalitazama, akacheka kwa pumzi fupi.

"Imekosekana mbegu tu," akasema.

Mkewe, Selestina, hakucheka. Tangu walipoambiwa kwamba moyo wa Piusi umepanuka, chumvi ilikatazwa, naye akatii. Pakiti nzima alimpa jirani. Hata kanisani alijisifia utii huo, kama wengine wanavyosifia watoto waliosoma.

Piusi alipopelekwa chumba cha pili kupimwa uzito, Blandina akauliza, "Mama, nyumbani mnakula nini siku hizi?"

"Makande. Chembe ya chumvi haimo."

"Mnayalainishaje?"

"Kwa magadi, kama kila mtu. Shemeji yangu huniletea kutoka Ziwa Eyasi, akirudi na lori la vitunguu vya Mang'ola. Tena nimeyazidisha, maana chakula kilipooza, na mzee meno yamebaki ya kuhesabu."

Blandina akaweka kalamu chini. "Magadi nayo yana sodiamu, mama. Ni madini yale yale yaliyomo kwenye chumvi. Yanashika maji mwilini, moyo unachoka kuyasukuma. Na sisi tumekosa. Tulikataza chumvi, magadi hatukuyataja."

"Mbona hayana ladha ya chumvi?"

"Moyo hauonji, mama."

Wakirudi nyumbani, Selestina alitembea nyuma ya mumewe. Kila Piusi aliposimama kutafuta pumzi, akijisingizia kutazama mashamba ya watu, naye alisimama. Vile vijiko vya magadi alivitia kwa mkono wake mwenyewe, akikoroga kwa mapenzi, akionja kama makande yameiva. Mtu aliyemchukia Piusi angefanya nini zaidi?

Jioni alipika bila magadi. Kuni zikateketea, mahindi yakabaki na ubishi wao. Piusi akatafuna kwa upande wenye meno, kisha akaacha.

"Mama Raphaeli, leo nimekukosea nini?"

Selestina akamwambia. Alimwambia yote, macho yakiwa kwenye sufuria, wala hakujitetea.

Piusi akaivuta tena sahani yake.

"Na mimi nilikuwa naomba niongezewe," akasema.

Akachota tena, kidogo. Selestina akabaki anasikiliza: taya likisaga, pumzi ikikatika, kimya, halafu taya tena.