Mkia wa Hadithi ya Stoo

Ofisini walimwita Mkasi, wala si kwa kificho. Hata mfagizi alimwita hivyo waziwazi, naye akaitika. Ndiye aliyehariri mkusanyiko wa hadithi za kutisha uliotoka kila mwaka, na kila mwaka watu waliununua, wakausoma, wakalala na taa. Ufundi wake ulikuwa mmoja tu: hadithi ikifika mezani, alikata aya ya mwisho. Msidhani aliisoma kwanza akaona haifai. Thubutu! Aliipitishia kalamu nyekundu hata kabla hajasoma sentensi ya kwanza, halafu ndipo anaanza kusoma. "Mkia," alikuwa akisema, "ndipo mwandishi anapoanza kujieleza. Na hofu ikishaelezwa, imekwisha." Waandishi walinuna, wengine walilia kabisa, lakini kitabu kikitoka walikuja kumshukuru. Basi kichwa kikamvimba.

Ubaya ni kwamba tabia hiyo haikubaki ofisini. Mtu akimsimulia jambo, kabla hajafika popote Mkasi ameshamkata kauli: "Haya, nimeelewa, mwisho wake najua." Aliyeumia zaidi ni mdogo wake wa kike, tumbo moja, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumaliza kisa mbele ya dada yake.

Mdogo mtu huyo aliishi peke yake katika nyumba aliyoiacha marehemu mama yao. Mwaka huu alikuja ofisini mchana kweupe, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, mkononi ana hadithi aliyoiandika kwa kalamu.

"Dada, ile stoo ya jikoni unaikumbuka?"

"Ya masufuria yaliyotoboka. Enhe?"

"Inafuata ninachoandika. Niliandika kwa mchezo tu kwamba mlango wake umehamia ukuta wa pili. Kulipokucha, umehamia. Nikaandika kuna mtu ndani anakohoa kama mama..."

"Ikawa anakohoa. Haya, mwisho wake najua."

"Hujui! Dada, nisikilize leo tu. Sasa inaniita. Nimeandika hadithi nzima, naingia na natoka, ikichapishwa stoo itatulia. Ila nakuomba, mkia usiukate. Mkia ndio..."

"Ndio roho ya hadithi. Wote mnasema hivyo hivyo." Mkasi akacheka. "Nenda ukalale, mdogo wangu, umechoka."

Mdogo wake akaiacha hadithi mezani. Alipotoka tu, kalamu nyekundu ikapita. Mkono haukusita hata kidogo. Karatasi ya mwisho ikaingia kwenye kapu la taka, na kapu mfagizi akaenda nalo.

Hadithi yenyewe ilikuwa nzuri, nzuri ya kusisimua mwili. Sasa iliishia pale mwanamke anapoingia stoo, na mlango nyuma yake unafutika ukutani. Mkasi aliifurahia sana, akaiweka ya kwanza kitabuni.

Siku vitabu vilipoletwa kutoka kiwandani, bado vina harufu ya wino, alichukua kimoja akampelekee mdogo wake. Alikuta mlango wa mbele uko wazi. Redio inaongea peke yake, kikombe cha chai mezani kinafuka moshi, na kandambili za mdogo wake ziko jikoni, zimeelekea ukutani. Ukuta wenyewe ulikuwa laini, umepakwa chokaa kutoka pembe hadi pembe. Stoo haikuwepo.

"We mtoto, acha mzaha!" akaita.

Ukuta ukagongwa kwa ndani, polepole.

Moyo ulimlipuka. Akaupiga ukuta kwa ngumi, akaupiga kwa mchi mpaka mchi ukavunjika, lakini chokaa haikubanduka hata chembe. Akampigia simu mpanga kurasa, yule aliyeingiza hadithi zote kwenye kompyuta.

"Ule mkia wa hadithi ya kwanza unao?"

"Mkasi, si wewe uliyekataza nisiletewe mikia? Mimi naletewa imeshakatwa. Kwani ulisemaje?"

Akakata simu, akakaa sakafuni. Maneno ya kumtoa mdogo wake yalipita mikononi mwake mwenyewe, na hakuyasoma. Kule ukutani, kugonga kulikuwa kunafifia.

Akafungua kitabu. Chini ya mstari wa mwisho palikuwa na nafasi nyeupe, pale ambapo mkia ungekaa. Akatoa kalamu ile ile nyekundu. Miaka yote alikata miisho ya wenzake. Wa kwake hakuwahi kuandika hata mmoja. Akaandika kwa namna aliyoizoea, kwa ufupi: "Mlango ukarudi. Mdogo mtu akatoka mzima, akasema, 'Dada, nimefika.'"

Alipoinua macho, mlango ulikuwa pale pale pa zamani. Ukafunguka, na mdogo wake akatoka mzima, hana hata mkwaruzo.

"Dada, nimefika."

Mkasi alimrukia, akamkumbatia, akaangua kilio. "Nisamehe, mdogo wangu, nisamehe!" Akamkalisha mezani, akamsogezea kikombe. "Kulikuwaje huko ndani? Niambie. Leo sikukatizi, wallahi, sema mpaka mwisho."

"Dada, nimefika," akasema mdogo wake, kwa sauti ile ile.

"Ndiyo, mpenzi, umefika. Chai imepoa, nikupashie?"

"Dada, nimefika."

Kikombe hakukigusa. Kope hakuzipepesa. Mkasi akakivuta kitabu tena. Nafasi nyeupe ilikuwa bado ipo, ya kutosha. Akaandika: "Kisha akamsimulia dada yake..."

Kalamu ikakwama. Alikumbuka kisa alichokianza mdogo wake utotoni, cha mwalimu aliyepotea na ufunguo wa darasa. Alikumbuka cha yule mchumba na koti la mvua. Alikumbuka siku waliyomzika mama, mdogo wake amemshika mkono, anamwambia, "Dada, kabla hajakata roho mama aliniambia..." Kila kisa alikumbuka kilivyoanza. Hakujua hata kimoja kiliishaje.

Mbele yake mdogo wake alikaa kimya, mikono magotini, akimsubiri aandike.