Mkono Juu ya Mfuniko

Mkono wa afisa ustawi ulikuwa umeshafika kwenye mfuniko wa sufuria alipojikumbuka, akaurudisha mapajani taratibu.

Sufuria yenyewe ilikuwa tupu, juu ya jiko lisilo na moto, katikati ya ukumbi wa mafunzo. Lakini wiki iliyopita sufuria hiyo hiyo ndiyo iliyomwangusha kwenye jaribio la kutembelea nyumba. Tangu aanze kazi, kila nyumba aliyoingia alifunua sufuria kwanza. Sufuria haisemi uongo, walimwambia waliomtangulia. Alipoifunua na hii ya zoezi, mkufunzi alimuuliza swali moja tu: "Nani amekuruhusu?" Alirudi kwake amenuna. Kisha zikaanza kumjia nyuso za akina mama waliosimama kando huku yeye akifunua.

Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akianguka, angehamishiwa stoo, na familia alizozizoea zingegawiwa wengine.

Mbele yake aliketi dereva wa ofisi, aliyepewa kuigiza baba mwenye nyumba. Kazi hiyo ilikuwa imemkolea.

"Karibu, mama. Hilo kochi usiliangalie, fundi yuko njiani mwaka wa pili huu."

Wenzao wakacheka. Afisa akangoja kicheko kipoe.

"Baba, siku ikiwa ngumu, hapa mnaipitishaje?"

Dereva akafungua kinywa kujibu alivyokariri, akakifunga.

"Huwa nachelewa kurudi makusudi," alisema. "Watoto wakishalala, hakuna wa kuniuliza nimeleta nini."

Ushauri ulimjaa afisa mdomoni. Akaumeza.

"Na saa hizo unakuwa wapi?"

"Ndani ya gari. Naegesha karibu tu."

Hayo hayakuwamo kwenye zoezi. Mkufunzi akafunika kalamu yake.

"Inatosha. Umefaulu."

Pumzi aliyoishusha afisa ilikuwa ya wiki nzima. Alicheka peke yake akishuka ngazi. Nje, dereva alikuwa ameshawasha gari, macho yake pembeni.

"Hongera, mama. Na mimi je, nimeigiza vizuri?"

"Kesho asubuhi niko ofisini," alisema afisa, akijifunga mkanda. "Ukipenda, tuongee. Leo nishushe njia panda, nitatembea. Bado mapema."

Dereva alishusha kioo, upepo ukaingia, akaliingiza gari barabarani.

"Yule mdogo atashtuka kuniona kabla hajalala," alisema.