Pilau ya Zulekha na Shingo ya Bomba

Mzee Nzuki alisaga mahindi ya watu wa Kathonzweni kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu akahamia Kyuso, kwa kina mkewe Kalunde, jambo ambalo alilieleza kwa namna tofauti kila alipoulizwa. Alikuja na vitu viwili vya maana: kipande cha bomba la moshi la mashine yake ya kusaga, na pikipiki ya miguu mitatu yenye matairi manene ya kupita mchangani. Kyuso nzima iliiona pikipiki ikishushwa kutoka kwenye lori la ndengu. Nzuki alishikilia kwamba aliiendesha mwenyewe kutoka Kathonzweni, na petroli ilipokwisha njiani akaitilia uji.

Ufundi hakusomea popote. Alijifunza injini kwa sikio, na alichokosa kusikia alikitunga.

Jumatatu moja Zulekha, mwenye duka la vitambaa, alifika uani kwake akipepea uso kwa ncha ya mtandio.

"Mzee Nzuki, Jumamosi Safa wangu anaolewa ng'ambo ya mto. Daraja limekwenda na mvua, mto umebaki mchanga mtupu, lori halipiti. Nina sufuria mbili kubwa za pilau."

"Si upikie hukohuko, Mama Safa?"

"Kwa jiko la nani? Mwanangu aolewe mara moja, halafu wageni wangu wale pilau ya jiko nisilolijua? Naipika kwangu, na ifike ikiwa moto."

Ndululu, kijana wa bodaboda aliyekuja kuomba spana, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Safa, hiyo kitu ya mzee itamwaga pilau mpaka fisi wa Tseikuru waseme asante!"

Nzuki akasimama. "Sikia, Ndululu. Nisipofikisha hiyo pilau na kifuniko chake juu, sisimulii hadithi yoyote mpaka mvua ya Novemba."

Kalunde, aliyekuwa akichambua ndengu mlangoni, akainua kichwa. "Hata hapa nyumbani, Baba Kathini?"

"Hata hapa nyumbani."

"Bwana asifiwe," Kalunde akasema, akarudia ndengu zake.

Shida ya pikipiki ile ilijulikana. Injini yake ilikuwa ya zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ukiipeleka polepole, ilitambaa vizuri. Ukiikaza mpaka mwisho, ilipiga kelele na kukimbia. Lakini pale katikati hapakuwa na kitu, na ukingo wa mto unapandwa kwa mwendo wa katikati. Ukienda polepole na mzigo, inazima. Ukikaza sana, magurudumu yanachimba shimo. Tena pilau haitaki kurushwarushwa.

Jumanne Nzuki akachukua msumeno. Kwa mashine ya kusaga, bomba likiwa fupi moshi hupumua na mawe huzunguka kwa raha. Hilo alilijua kuliko jina la babu yake. Akakata shingo ya bomba la pikipiki, pale linapotoka kwenye injini kabla halijanenepa, akaondoa upana wa vidole vinne, akachomelea. Kisha akaenda mtoni na sufuria iliyojaa mchanga. Ndululu akamfuata kama shahidi.

Mchangani pikipiki ilikwenda. Ilipoanza kupanda ukingo, ikakohoa. Nzuki akakaza mkono. Kimya. Akakaza tena, na nguvu zote zilizokuwa zimejificha zikaja kwa mara moja. Gurudumu la mbele likapaa, sufuria ikapaa, naye Nzuki akajikuta ameketi chini, mikono bado imeshika usukani ambao haupo.

"Mzee wangu," Ndululu akasema, akimpangusa mchanga mgongoni, "Novemba si mbali. Utazoea."

Jumatano Nzuki akajaribu kuzoea. Alikunywa chai ya saa nne bila neno. Kalunde akamtazama, akasubiri, akaweka kikombe chini.

"Sema kitu."

"Ndengu zimekauka."

"Basi?"

"Basi."

Hakuna habari za nyati aliyekuja kusaga mtama, wala za chifu aliyelala ndani ya gunia la unga akaamka na mvi. Kalunde akasikia kuku wakikwaruza ua, akasikia hata mabati yakipanuka kwa jua. Alikuwa ameomba utulivu kwa miaka arobaini, na sasa umekuja akauona hauna ladha.

"Inuka," akasema. "Twende mtoni. Nitakuonyesha pale mchanga ulipo mgumu."

Ng'ambo ya mto kulikuwa na jabali refu. Walivuka wote wawili. Kalunde akatembea ukingoni akipima kwa mguu, akaita, "Pita huku!" Nzuki akiwa karibu kabisa na jabali akamjibu, "Nimesikia!" na mwamba ukamrudishia papo hapo. Akarudi nyuma kufuata pikipiki aliyoiacha mchangani, akaita tena. Safari hii sauti ilikawia kidogo kabla ya kurudi. Akarudi nyuma zaidi. Ikakawia zaidi.

Nzuki akaketi mchangani.

"Umeumia?" Kalunde akauliza.

"Nimekuwa mjinga, Kalunde. Moshi wa mashine ya kusaga ukitoka umetoka, hauna haja na mtu. Huu wa pikipiki unarudi! Mlipuko unakimbia ndani ya bomba, unagonga kule mwisho, unarudi kusukuma ndani petroli iliyotaka kutoroka kabla haijaungua. Mimi kwa kukata shingo nimelisogeza jabali karibu. Sauti inarudi mapema mno, inakuta mlango wa injini wazi pale tu inapokimbia kama kichaa. Ningeongeza shingo, ingerudi kwa wakati, pale katikati."

"Na kipande ulichokata?"

"Hakitoshi. Nataka vidole vinane."

Wote wawili walijua kipande kingine cha bomba kiko wapi. Kilikuwa juu ya kabati, kimeng'arishwa kwa mafuta ya taa, ukumbusho wa miaka thelathini na moja. Nzuki alikishusha kwa mikono miwili, akakata vidole vinane, akavichomelea shingoni. Kwa mapambo tu, akafunga mkiani kile kikopo ambacho kila msagaji hufunga mdomoni mwa bomba ili lipige tuku-tuku na wenye mahindi wajue mashine imefunguliwa.

Jumamosi saa tano, sufuria mbili zilifungwa kwa leso sita. Zulekha alifuata nyuma, viatu mkononi, akisoma dua. Ndululu alikwenda mbele kutembea kinyumenyume, asikose kuona zinavyomwagika.

Pikipiki ikaingia mchangani. Tuku-tuku-tuku. Ikafika ukingoni, na Nzuki akaongeza mkono kidogo, nusu tu. Haikukohoa. Haikuruka. Ilivuta, ikavuta tena, pole na nguvu, gurudumu halichimbi, kifuniko hakitikisiki. Ndululu akasahau kupisha, ikabidi aruke kwenye kichaka.

"Allahu akbar!" Zulekha akapiga vigelegele, viatu vikamponyoka.

Lakini huko juu, watu wa ng'ambo, ambao hawajawahi kuwa na mashine ya kusaga yao na huifuata mbali, walikuwa wamesikia tuku-tuku ikikaribia. Nzuki alipotokea kwenye uwanja wa arusi, nyuma yake walikuja wanawake kumi na saba wenye debe za mahindi kichwani, wanauliza foleni inaanzia wapi.

"Inaanzia hapa," Zulekha akasema, akafungua kifuniko. Mvuke ukapanda. "Wekeni debe chini, mle kwanza. Kwenye arusi wageni hawazidi."

Sahani ya kwanza akampa Nzuki. Kalunde, aliyekuja nyuma na Zulekha, akaketi karibu yake, akamsukuma kwa kiwiko. "Haya. Sema sasa."

Nzuki akameza, akajipangusa mdomo, akangoja mpaka hata wenye mahindi wakanyamaza.

"Nilipofika katikati ya mto, nikamkuta mamba."

"Mzee!" Ndululu akapaza sauti, akichomoa miiba mkononi. "Mto hauna maji hata tone!"

"Sasa unafikiri kwa nini alikuwa amekasirika?"