Mstari wa Shemasi Pettaway

Verlene Tubbs alikuwa amengoja miaka kumi na tisa kuimba peke yake Jumapili ya Kurudi Nyumbani, na miaka kumi na tisa si mchezo. Muda wote huo wimbo ulikuwa wa Ruby Hatchett, na Ruby hakuwa mtu wa kuugua wala kusafiri. Kila Agosti, waliohamia Chicago na Detroit waliporudi Alabama kuabudu katika kanisa la wazazi wao, Ruby alisimama mbele, akafumba macho, akatoa machozi yake yaleyale kwenye ubeti uleule wa tatu. Verlene alikuwa nyuma, kwenye kwaya, akiitikia. Mwaka huu Ruby alihamia Atlanta kwa binti yake, akamwachia Verlene kwaya pamoja na wimbo. Verlene alisikitika, kweli alisikitika, kisha akaenda kununua kitambaa cha gauni.

Alifanya mazoezi miezi miwili mizima. Kwenye ubeti wa tatu, kabla ya ile sauti ya juu kabisa, aliweka kimya: kinanda kinyamaze, kwaya inyamaze, na yeye mwenyewe ahesabu moyoni hadi sita huku watu wamebana pumzi. Halafu ndipo apande. Lamont, fundi wa mitambo wa kanisa, angerusha ibada kwenye mtandao kwa wale walioshindwa kusafiri, akiwemo Earline wa Chicago, dada yake Verlene, ambaye tangu wazaliwe hajawahi kukiri kwamba mdogo wake anajua kuimba. Leo angekiri, apende asipende.

Tatizo lilikuwa muda. Ratiba ilijaa wageni na salamu, na wimbo wake ulikuwa mrefu. Basi Verlene akachukua kalamu, akaukata mstari wa Shemasi Pettaway.

Shemasi Clovis Pettaway alikuwa na miaka themanini na minne, na kwa miaka arobaini ndiye aliyefungua ibada. Husimama penye benchi la mbele, bila kinanda, akatoa mstari mmoja wa wimbo wa kale, na kanisa zima likaupokea na kuuvuta polepole, neno kwa neno, mpaka uishe, kisha akatoa mwingine. Ndivyo walivyoimba mababu, enzi ambazo kitabu kilikuwa kimoja na anayejua kukisoma ni mmoja. Sheria yake ni moja tu: mstari ukitolewa, unaitikiwa. Kumwacha mtu na mstari wake hewani ni sawa na kumwacha mlangoni ukiwa ndani unakula.

Verlene alimwendea mwenyewe nyumbani kwake, akamweleza mambo ya mtandao na muda. Mzee alitega sikio lake zima, maana lingine lilishakufa, akamwambia, "Sawa, binti yangu." Hakuuliza kitu. Verlene angependelea wagombane.

Mchungaji Gaines naye hakumzuia. "Kwaya ni yako, Dada Verlene," alisema. "Mimi nauliza kitu kimoja. Ukimaliza kuimba, watu watakuwa wanamtazama nani?"

Verlene akamjibu kwamba kwa gauni alilolishona, Bwana hatawanyima ruhusa ya kutupa jicho mara moja. Mchungaji akacheka, ingawa hakutaka.

Jumapili ikafika, na joto lake. Mabenchi yalijaa, wahudumu wa mlango wakiwa na glavu zao nyeupe, akina mama wakijipepea kwa vipepeo vya karatasi vilivyogawiwa na kampuni ya mazishi. Lamont aliikaza kamera yake ikaelekea kipaza sauti, chini ya msalaba wa mbao ukutani. Verlene akatoka na gauni lake la zambarau, na minong'ono ikapita kanisani, na akaisikia, na ikamwingia vizuri sana.

Akaimba. Haki ya Mungu aliimba. Ubeti wa kwanza vipepeo vikapungua mwendo, wa pili vikasimama kabisa. Kwenye wa tatu akainua mkono, kinanda kikanyamaza, kwaya ikanyamaza. Akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Shemasi Pettaway akasimama.

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Kwa miaka arobaini, kimya katika kanisa lile kilikuwa na maana moja tu: kwamba ni zamu yake. Hakusikia kwamba wimbo haujaisha. Aliona mikono ya mpiga kinanda imetua mapajani, akajua wamemkumbuka. Akajishika benchi, akatoa mstari kwa sauti iliyopasuka: "Nilikuwa chini, Bwana, ukanishika mkono."

Hakuna aliyeitikia. Watu zaidi ya mia tatu walimtazama Verlene.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Angeweza kupanda ile sauti ya juu akamfunika mzee kabisa, na kule Chicago wasingejua kitu. Pumzi ilikuwepo, kifua kilikuwa tayari. Lakini alimwona mzee amesimama na mstari wake hewani, uso umeanza kuelewa kwamba amekosea. Na Verlene akaona aibu, aibu ya kweli, si ya yule mzee bali yake mwenyewe. Yule mzee alikuwa akimwimbia Bwana. Yeye, miezi miwili yote, alikuwa akimwimbia Earline.

Akakirudisha kipaza sauti kwenye stendi yake. Akashuka jukwaani, akasimama kando ya mzee, akamshika mkono, akauvuta mstari kwa sauti ya chini aliyoirithi kwa mama yake, ile ya jikoni: "Niiilikuwa chiiini..."

Kanisa likampokea. Wazee walianza, kisha akina mama, kisha hata wale wa Detroit waliokuwa wakijidai wamesahau. Mzee akatoa mstari wa pili, ukaitikiwa mpaka sakafu ya mbao ikaunguruma. Wa tatu, watu walikuwa wamesimama. Verlene aliitafuta sauti yake katikati ya zile sauti asiipate, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali. Alilia ovyo, pua ikamtoka, gauni likalowa. Mchungaji Gaines alikuwa amepiga magoti. Furaha iliyokuwa mle ndani haikuwa ya mtu mmoja, wala haikumtazama mtu yeyote.

Baada ya ibada, mezani chini ya turubai, hakuna aliyemsifu Verlene. Walisema Bwana alikuwepo, wakaomba waongezewe kuku. Lamont akaja kichwa chini. Kamera hakuisogeza, alisema. Aliisahau, naye alikuwa analia. Dakika kumi na moja nzima ni kipaza sauti kitupu na msalaba ukutani. Akauliza kama aikate sehemu hiyo.

Simu ya Verlene ikalia kabla hajajibu. Alikuwa Earline.

"Ulikuwa wapi wewe?" Earline aliuliza. "Sikukuona."

"Nilikuwepo."

"Mimi nimeona msalaba tu. Nimepiga magoti jikoni, Verlene, unga bado mikononi. Sijaomba tangu mama afe."

Verlene akamgeukia Lamont, akamwambia asikate hata sekunde moja, akaenda kumpakulia Shemasi Pettaway pai ya viazi vitamu.